Je, Mchezo Waweza Kuwa Kazi ya Binti?

Mwezi huu twataka kulitazama neno ambalo wazazi wa Masasi na Newala wameanza kutuuliza. Binti ana mbio, ana nguvu, naye asema ataka kuishi kwa mpira. Je, akubaliwe? Baba mmoja wa huko juu Newala alitujibu upesi, “Miguu ya binti ni ya kuchota maji na kuokota korosho.” Tusimcheke. Neno lake lina kweli ndani yake, nasi tutaanzia hapo.

1. Saa iliyopotea

Baba yule ajua ya kuwa saa ya binti uwanjani ni saa iliyotoka nyumbani. Wenyeji wa Newala hawajasahau jinsi mama zetu walivyoshuka genge kufuata maji mabondeni, kisha wakapanda tena na mtungi kichwani. Kazi ile haikuwa na ujira, lakini mkono mmoja ukikosekana, nyumba yote iliona.

Jambo hilo hilo liliugawanya mchezo wa raga huko Uingereza. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na aliyekwenda kucheza alikosa mshahara wake. Vyama vyao vilitaka kumlipa fidia, wakuu wa mchezo wakakataa. Ndipo tarehe 29 Agosti 1895, katika mji wa Huddersfield, vyama vya kaskazini vikajitenga. Kutoka hapo ukazaliwa mchezo uitwao raga ya ligi, ambao leo huchezwa na watu 13 kila upande.

Lakini ujira ule ulikuwa wa wanaume. Wanawake walingoja zaidi ya miaka mia. Ligi yao kuu ya Australia ilianza mwaka 2018 kwa timu 4, ikafikia timu 12 mwaka 2025. Katika miaka ile ya kwanza wengi wao walishika na kazi nyingine, kwa kuwa malipo ya mchezo hayakutosha kuishi.

2. Mfano wa kwetu

Kwetu Tanzania, mlango wa ujira umefunguliwa kwa mabinti na mpira wa miguu, si raga. Aisha Masaka alichezea Yanga Princess ya Dar es Salaam. Mwaka 2022, naye hajatimiza miaka 20, alikwenda Uswidi kuchezea BK Häcken ya mji wa Göteborg; na mwaka 2024 akaandikwa na Brighton & Hove Albion ya Uingereza. Opa Clement naye, aliyechezea Simba Queens, alikwenda kucheza Uturuki. Basi si ndoto tupu.

Hata hivyo mlango ni mwembamba. Timu yetu ya taifa, Twiga Stars, ilifika mashindano makuu ya Afrika mwaka 2010 huko Afrika Kusini. Kisha ikangoja miaka 15 kabla ya kuyacheza tena, huko Moroko mwaka 2025.

3. Mambo manne ya kuangalia

Kwanza, kazi hii ni fupi. Mkorosho uliopandwa na babu humlisha mjukuu, lakini miguu ya mchezaji huchoka angali kijana. Fedha yake na itunzwe kama fedha ya korosho, ambayo huja msimu mmoja, nayo yapasa kulisha nyumba mwaka mzima. Wala shule isiachwe.

Pili, goti. Waganga wameona ya kuwa wanawake wachezao mpira huumia kano za goti mara nyingi kuliko wanaume. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni: akiumia, nani atalipa matibabu, na mshahara wake utaendelea?

Tatu, umri. Sheria ya FIFA, chama cha mpira cha dunia, hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Basi mtu akija kijijini kumtaka binti wa miaka 15 kwa ahadi za Ulaya, asipewe mtoto.

Nne, uzazi. Tangu mwaka 2021 sheria hiyo humpa mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua majuma 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili za mshahara. Wala chama hakina ruhusa ya kumfukuza kwa sababu ya mimba. Mzazi asiyejua haya, binti yake aweza kunyimwa haki yake naye akanyamaza.

Basi twamjibu baba yule hivi: umeuliza vema nani atalipa saa ya binti yako. Uliza vivyo hivyo mbele ya wenye timu, na mkataba usomwe wote kwa lugha mnayoielewa. Lakini ukirudi nyumbani, uulize pia juu ya mtungi wa maji. Maana saa ile nayo ni ya binti, na hakuna aliyepata kuihesabu.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini vyama vya kaskazini vilijitenga mwaka 1895?
2. Taja mambo manne ambayo mzazi ayaangalie kabla ya kukubali.
3. Katika kijiji chenu, ni kazi zipi za mabinti zisizohesabiwa?