Gari la Zamani Linavuja Oili? Tafuta Chanzo Kabla Hujatoa Hela

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuongelee pikapu. Najua wengi wenu mkipata misimu miwili mitatu mizuri mnanunua Hilux ya dizeli ya zamani ili muachane na kukodi gari. Si uamuzi mbaya. Shida ni kwamba magari ya umri huo mengi yanavuja oili mahali fulani, na mwenye gari anazoea lile doa kila asubuhi mpaka halioni tena.

Mimi nililizoea. Acha nianze na hapo.

Kilichonikuta Kitonga

Pikapu yangu ilikuwa inadondosha oili pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi akachungulia chini dakika mbili, akasema sili ya nyuma ya krenki imekufa, gia boksi lazima ishuke. Nikakubali, nikalipa. Hela yenyewe nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya mbegu. Na kwa kuwa gari "limeshatengenezwa", nikaacha kupima oili.

Wiki kadhaa baadaye nimepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, naelekea Iringa mjini. Katikati ya mlima Kitonga taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikajisemea, ngoja nifike juu ndo nisimame. Sikufika. Injini ikaanza kugonga, halafu ikazima. Imenoki.

Nilikodi gari jingine kuhamisha mzigo, na faida ya vitunguu vile ikaishia barabarani. Injini ilipofunguliwa, fundi mwingine akanionyesha kwa kidole: oili ilikuwa inatokea juu kabisa, kwenye gasketi ya tapeti kava. Ilikuwa inateremka mgongoni mwa injini na kudondokea pale pale ambapo sili ya nyuma ingedondoshea. Gasketi yenyewe bei yake haifiki gunia moja la vitunguu.

Nilifanya makosa mawili. Nililipia matengenezo kabla ya kujua chanzo, na niliacha kupima. Somo la leo linahusu hayo mawili.

Hatua ya 1: Hakikisha ni oili ya injini

Tandika boksi safi la karatasi chini ya gari usiku. Asubuhi angalia rangi, shika kwa kidole, nusa.

- Nyeusi na inateleza: oili ya injini ya dizeli.
- Nzito, ina harufu kali: oili ya gia boksi au difu.
- Nyepesi kama maji, ya kijani, nyekundu au pinki: maji ya rejeta.
- Nyepesi, ya njano au kahawia, imelowanisha upande wa ndani wa tairi: inaweza kuwa maji ya breki. Hapo usiliwashe gari. Ita fundi alipo gari.

Hatua ya 2: Osha injini kwanza

Injini yenye matope na mafuta ya miaka kumi haiwezi kukuambia inavujia wapi. Ikiwa imepoa, funika alternita na mdomo wa chujio la hewa kwa mfuko wa plastiki, kisha sugua kwa brashi na maji ya sabuni. Palipoganda grisi tumia dizeli kidogo, halafu osha tena kwa sabuni. Iache ikauke kabisa.

Endesha kilomita chache, zima, fungua boneti na utumie tochi. Kumbuka kanuni hii: oili hushuka chini, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo usianze kuangalia panapodondosha. Tafuta sehemu ya juu zaidi na ya mbele zaidi iliyolowa. Chanzo kiko hapo au karibu yake. Kama bado huoni, nyunyiza poda ya mtoto sehemu unayoshuku, acha injini iungurume kidogo, zima, uangalie poda imelowa wapi.

Ukilazimika kuingia chini ya gari, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi imara na uzuie matairi. Tofali hupasuka.

Hatua ya 3: Anza na vya bei rahisi

Kagua kwa mpangilio huu, kutoka juu kwenda chini:

1. Briza. Ni bomba linalotoa hewa ndani ya injini. Likiziba, presha hupanda na kusukuma oili itoke kwenye sili hata zile nzima. Lichomoe, lisafishe, lirudishe. Ukiruka hapa unaweza kubadilisha sili leo na zikavuja tena mwezi ujao.

2. Gasketi ya tapeti kava. Raba ikizeeka inakuwa ngumu kama plastiki. Safisha nje kabla hujafungua, mchanga usiingie ndani. Toa gasketi kuukuu, futa pande zote mbili mpaka zikauke, weka mpya. Silikoni weka kidogo tu kwenye kona. Ukiijaza, vipande vinakatikia ndani na kuziba chujio la pampu ya oili. Kaza bolti kidogo kidogo, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukikaza kwa hasira, kava inapinda na itavuja kuliko mwanzo.

3. Swichi ya presha ya oili. Ni kidude kidogo chenye waya. Ikilowa kwenye waya wake, badilisha.

4. Filta ya oili. Mara nyingi raba ya filta kuukuu inabaki imeng'ang'ania kwenye injini, fundi anafunga mpya juu yake. Hakikisha imetoka. Paka raba mpya oili kidogo, kaza kwa mkono.

5. Nati ya kumwagia oili. Weka washa mpya kila ukimwaga oili, na usikaze kupita kiasi, utaua nyuzi za sampo.

6. Gasketi ya sampo, sili ya mbele, sili ya nyuma. Hizi ni za mwisho, maana kazi yake ni kubwa. Kama kweli ni sili ya nyuma na gia boksi inashuka, kagua klachi pleti na beringi yake siku hiyo hiyo. Hutaki kulipia kushusha gia boksi mara mbili.

Kabla ya namba 6, fanya jaribio moja. Injini ikiunguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa nguvu kama pumzi ya mtu anayekimbia, na briza ni safi, basi ringi zinaweza kuwa zimechoka. Sili mpya hazitakusaidia sana hapo. Tunza hela ya ovahoo.

Namna ya kuongea na fundi

Sisemi mafundi ni wezi. Injini chafu inamdanganya hata fundi mzuri. Peleka gari likiwa safi na umwambie, "Fundi, nionyeshe inapoanzia." Mkubaliane bei ya kazi kabla ya kufungua. Spea nunua mwenyewe: jua aina ya injini yako, kwa mfano 2L, 3L au 5L, na nenda dukani na ile kuukuu mkononi. Zile chupa za dawa ya kuzuia kuvuja usizifanye kimbilio la kwanza. Zinaweza kulainisha raba iliyokakamaa, lakini gasketi iliyochanika haziiungi.

Kama hela haipo msimu huu

Mvujo mdogo unaweza kuishi nao mpaka uvune, kwa masharti. Pima oili kila asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa. Andika kwenye daftari lile lile la shamba: tarehe, kilomita, oili uliyoongeza. Tuseme unaongeza lita 1 kwa wiki na unanunua lita kwa shilingi 10,000. Msimu wa wiki 16 ni shilingi 160,000. Linganisha na bei ya gasketi, utajua lipi ni ghali. Hiyo ni gharama ya usafirishaji, iingize kwenye bei ya gunia lako.

Lakini haya hayana subira: oili inadondokea bomba la moshi, maana linaweza kushika moto, klachi imeanza kuteleza kwa kulowa, kiwango kwenye kijiti kinashuka haraka kuliko kawaida yako. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo ukishasogea pembeni pa barabara. Usiseme nifike juu kwanza.

Jambo la mwisho: oili chafu iweke kwenye dumu lenye kifuniko, uipeleke gereji wanakoikusanya. Usimwage kwenye mfereji, maji yale yale yanakwenda kwenye bustani ya mwenzako. Na dumu lililobeba oili usilitumie kuchanganyia dawa wala kuwekea maji ya kunywa.

Kazi ya wiki hii: kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, chomoa kijiti, futa, chovya, soma, andika. Haichukui dakika mbili. Mimi zilinigharimu injini.

Tukutane somo lijalo.