Kujiandaa kwa Mtihani wa Vitendo wa Mitandao
Mtihani wa vitendo wa CCIE Enterprise Infrastructure wa Cisco huchukua muda wa saa 8: saa 3 za usanifu, saa 5 za kujenga na kurekebisha mtandao. Kwenye usanifu, ukishajibu huwezi kurudi nyuma. Basi soma swali hadi mwisho.

Kwa saa 5 zile najizoeza hivi: nachora ramani, naanza na VLAN na trunki, kisha OSPF, halafu BGP. Msingi ukiwa mbovu, vya juu havisimami. Kila hatua naipima kwa ping kutoka kompyuta ya mtumiaji, kisha nahifadhi. Ruta kukubali amri si ushahidi kwamba paketi imefika.

Jizoezeni mkiwa na saa mezani. Kazi ikizidi dakika 20, iandike pembeni, endelea na nyingine, uirudie baadaye.