Moyo unanienda mbio kila nikitazama saa

SWALI: Daktari, naishi Kihonda, ni keshia katika duka la pembejeo mjini Morogoro, na jioni nasoma shahada. Mtoto wangu mkubwa yuko darasa la saba. Namwamsha saa kumi alfajiri ajisomee kabla ya shule. Mdogo ana miezi mitano, ananyonya. Jumapili napanda Mgeta kumsaidia mama shambani kwake Nyandira. Tangu nirudi kazini kichwa kinauma, moyo unaenda mbio hata nikiwa nimekaa, na nikipanda kitandani saa sita usiku usingizi hauji. Nawafokea wanangu, kisha nalia. Jirani anasema ni presha. Duka la dawa wamenipa Piritoni nilale. Je, ni presha kweli? Na nimeze dawa hii mpaka lini?

JIBU: Mwanangu, Piritoni iache leo hii. Ni dawa ya mzio. Usingizi inaouleta ni athari yake tu, na kwa mama anayenyonyesha inaweza kumlegeza mtoto na, ikiendelea kumezwa, kupunguza maziwa.

Presha haijulikani kwa kuhisi, hupimwa. Nenda kituo cha afya, keti kimya dakika tano, mkono ukiwa umeegemezwa mezani, ndipo upimwe. Ukikuta 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa wa presha. Omba pia wapime wingi wa damu, maana mama aliyejifungua karibuni akipungukiwa damu, moyo hukimbia na kichwa huuma namna hiyohiyo unayoieleza. Tezi ya shingoni nayo huweza kuvurugika miezi ya mwanzo baada ya uzazi. Nayataja haya kwanza kwa sababu wanawake wengi huambiwa "ni mawazo tu" kabla hata hawajatolewa tone la damu.

Vipimo vikitoka safi, bado wewe si mzima. Mwili ukiona umechelewa hufanya kile unachofanya ukikutana na nyoka: humwaga adrenalini, moyo unakwenda kasi, ini linatoa sukari, tumbo linasimama. Nyoka akiondoka, mwili hutulia. Kwako haondoki. Kazini foleni, chuoni jaribio, nyumbani kilio, na homoni ya kotisoli iliyotakiwa kushuka usiku inabaki juu. Ndiyo maana umechoka hoi na usingizi bado haukupati.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu nzito: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Na hiyo ni kazi ya kipato. Kupika, kufua, kunyonyesha usiku na kulima Nyandira havimo. Hesabu saa zako zote, utaona kwamba shida yako si kutojua kupanga ratiba. Mzigo umezidi mtu mmoja.

Kwa hiyo sitakupa ratiba mpya. Nataka mzigo upungue, na tuanzie pale sheria inapokubeba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Iombe kwa barua, ubaki na nakala. Saa za kawaida za kazi nazo hazizidi 45 kwa wiki.

Chuoni, uliza utaratibu wa kuahirisha muhula. Shahada itakusubiri, miezi hii ya mtoto haijirudii.

Mkubwa naye mwache alale. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili, na anachokisoma saa kumi alfajiri macho yakiwa mazito hakikai kichwani, kwa kuwa ubongo huhifadhi masomo ya mchana wakati wa usingizi. Najua mtihani wa taifa unatisha wazazi. Unatisha watoto zaidi.

La Mgeta ndilo gumu, na sitakwambia uache tu kwenda. Waluguru wa huko huhesabu ukoo upande wa mama, na binti akiitwa shambani haitwi kama msaidizi, anaitwa kama mwenye shamba. Basi ukae na mama na wajomba uwaeleze hali ya mwili wako kama ulivyonieleza mimi. Palizi ya msimu huu inaweza kufanywa na ndugu wengine au kibarua. Nami nimeona jambo moja katika barua yako: umetaja wote unaowahudumia, hukutaja hata mmoja anayekuhudumia wewe. Kama baba watoto yupo, usiku mmoja kati ya miwili yeye ndiye ambembeleze mdogo, akuletee kunyonya tu.

Kulia huko kukidumu zaidi ya wiki mbili, au ukikosa hamu hata ya mtoto, mweleze mhudumu wa kliniki waziwazi. Sonona baada ya uzazi ina tiba, na zipo dawa zinazotumika huku unanyonyesha. Lakini ukipata maumivu ya kifua, ganzi au udhaifu wa upande mmoja, au wazo la kujidhuru wewe au mtoto, usisubiri kliniki. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.