Ushahidi, Ushuhuda na Uthibitisho: Lugha ya Tiba Inayozingatia Ushahidi kwa Mtazamo wa Mpanda na Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Makala haya yanajadili maendeleo na mustakabali wa tiba inayozingatia ushahidi katika utafiti na ufundishaji, kwa kuangalia lugha inayotumika kuifafanua. Hoja yetu ni kwamba neno ushahidi, ambalo ndilo limezoeleka katika kuutaja mkabala huu kwa Kiswahili, hubeba maana inayokaribia kupingana na kile mkabala wenyewe unachodai. Tunachukua mkoa wa Katavi, na hasa mji wa Mpanda, kama mahali pa kuipimia hoja hiyo, kwa sababu huko Kiswahili ndicho daraja kuu kati ya mtoa huduma na mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda, mji ulio mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua. Wenyeji wa eneo hili ni pamoja na Wapimbwe, Wabende na Wakonongo. Wamejiunga nao Wasukuma waliohamia na mifugo yao, Wafipa, Waha, na watu wenye asili ya Burundi waliopokewa katika makazi ya Katumba na Mishamo tangu miaka ya 1970. Wengi wa hawa wa mwisho walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014.

Katika mazingira ya namna hiyo, muuguzi aliyepangiwa kazi katika zahanati ya mkoa huu mara nyingi hana lugha nyingine ya kuzungumza na mgonjwa wake isipokuwa Kiswahili. Hata hivyo, muuguzi huyohuyo amefundishwa taaluma yake kwa Kiingereza, na matokeo ya utafiti anayotakiwa kuyafuata yameandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo, kati ya utafiti na kitanda cha mgonjwa kuna hatua moja ambayo haionekani katika miongozo, nayo ni tafsiri. Hatua hiyo hufanywa kila siku, tena kimyakimya, na mtu ambaye hakufunzwa kuifanya.

2.0 Chimbuko la Mkabala

Jina la mkabala huu lilianza kutumika katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambako Gordon Guyatt alilitumia katika maandishi ya mwaka 1991. Mwaka 1996 David Sackett na wenzake walitoa fasili ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mafundisho. Kwa mujibu wao, mkabala huu huunganisha matokeo bora ya utafiti na ujuzi wa mganga, na huzingatia matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Wahenga walisema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Hapa pia mafiga ni matatu.

Ingawa jina lilitoka mbali, itakuwa ni makosa kudhani kwamba Afrika Mashariki ilipokea tu. Majaribio ya tiba fupi ya kifua kikuu, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1972, yalifanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nayo yalionyesha kuwa miezi 6 ya dawa ingeweza kutosha mahali pa mwaka mmoja na zaidi. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977, ambao Karel Styblo alishiriki kuujenga, ulikuja kuwa kielelezo kwa nchi nyingine. Aidha, utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa takribani 40%. Tumekuwa wazalishaji wa ushahidi kwa muda mrefu. Ambacho hatujakifanya vya kutosha ni kuujadili kwa lugha yetu.

3.0 Uchambuzi wa Maneno

Neno ushahidi limeundwa kwa kuongeza kiambishi u- kwenye nomino shahidi, kama vile wakili anavyotoa uwakili na mwalimu anavyotoa ualimu. Kwa muundo huo, ushahidi kwanza kabisa ni hali au kazi ya shahidi. Anayetangulia ni mtu, yaani yule aliyekuwapo akaona. Matumizi ya kimahakama yameimarisha maana hiyo. Ndugu yake ni ushuhuda, neno lenye mzizi uleule wa Kiarabu, ambalo limestawi zaidi katika nyumba za ibada, ambako mwumini husimama na kueleza yaliyompata.

Uthibitisho una tabia tofauti. Neno hili linatokana na kitenzi thibitisha, ambacho ni kauli ya kusababisha ya thibiti, yaani kuwa imara. Kinachotangulia hapa ni tendo la kulifanya jambo lisitikisike, awe ameliona mtu mmoja au laa. Mtu hawi uthibitisho kwa kuwapo tu; sharti pawe na kazi iliyofanyika.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Katika ngazi za ushahidi zinazofundishwa vyuoni, kauli ya mtu mmoja aliyeona, hata akiwa bingwa, huwekwa karibu na ngazi ya chini. Juu yake hukaa majaribio yenye makundi ya ulinganisho, na juu zaidi mapitio ya majaribio mengi. Hivyo basi, mwanafunzi anayesikia neno ushahidi kwa masikio ya Kiswahili huelekezwa kwenye ngazi ya chini, ilhali mwalimu wake anakusudia ngazi ya juu.

Mwaka 2011 taifa zima lilishuhudia jambo linalofafanua hoja hii. Maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba. Shuhuda zilikuwa nyingi, na hatuna sababu ya kudhani kwamba waliozitoa walikuwa waongo. Kilichokosekana ni maswali mawili: waliopata nafuu ni wangapi kati ya wangapi waliokunywa, na je, wasiokunywa hali zao zilikuwaje? Maswali hayo hayajibiwi na shahidi, hata awe mkweli kiasi gani.

4.0 Shahidi Mkweli Anapokosea

Ingekuwa rahisi kufikiri kwamba udhaifu wa ushuhuda unawahusu watu wasiosoma. Utafiti uitwao FEAST unakanusha dhana hiyo. Utafiti huu uliongozwa na Kathryn Maitland, mtafiti wa muda mrefu wa Kilifi, na ulifanywa kati ya mwaka 2009 na 2011 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo ya Teule, Muheza. Swali lake lilihusu watoto wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri mwilini. Ilikuwa imeaminika kwamba watoto hao wapewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa.

Katika sehemu kuu ya utafiti, watoto 3,141 waligawanywa kinasibu katika makundi matatu. Baada ya saa 48, waliofariki katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa haraka walikuwa 10.6% na 10.5%, ilhali katika kundi ambalo halikupewa maji hayo walikuwa 7.3%. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

La kuzingatia zaidi ni uchambuzi uliofuata. Katika saa ya kwanza, dalili za mzunguko mbaya wa damu zilirekebika kwa watoto wengi zaidi katika makundi yaliyopewa maji. Daktari aliyesimama kando ya kitanda, akaona mikono ya mtoto ikipata joto, alishuhudia jambo la kweli. Alikuwa shahidi mwaminifu, lakini tiba aliyoishuhudia ilikuwa ikiongeza vifo. Bila ya kundi la ulinganisho, hapana jicho ambalo lingeweza kuona hivyo.

Kuhusu ugawaji wa kinasibu, methali ya Kiswahili inatoa maelezo yanayotosha: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mtafiti akiachiwa kuchagua nani apate dawa na nani akose, ataivuta ngozi bila hata kujijua. Kura humwondolea uwezo huo. Hata hivyo, mwalimu atahadhari na neno bahati nasibu, kwani mama wa Mpanda akiambiwa kuwa mwanawe ataingizwa katika bahati nasibu atafikiria mchezo wa fedha. Kupiga kura, kwa maana ya kugawa kwa haki pasipo upendeleo, ni usemi ulio karibu zaidi na kusudio.

5.0 Kiasi, Asili na Neno la Mgonjwa

Ushahidi wa kitabibu kwa kawaida hutolewa kwa uwiano, na uwiano una sehemu mbili ambazo kila mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania anazijua: kiasi, kilicho juu ya mstari, na asili, iliyo chini yake. Katavi ni mfano bora wa jinsi asili inavyoweza kumpotosha mtafiti. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Tuchukue mfano wa kubuni wa ugonjwa wenye matukio 1,000 kwa mwaka. Anayetumia asili ya mwaka 2012 atapata matukio 177 kwa kila watu 100,000, na anayetumia ya mwaka 2022 atapata 87. Ugonjwa ni uleule na wagonjwa ni walewale, ila mmoja atatangaza janga na mwingine hatatangaza. Vitabu vya MTUHA vinavyojazwa zahanatini hutoa kiasi. Asili hutoka kwingine, na hapana budi ihojiwe.

Kiasi nacho hakiko salama. Utafiti wa Hugh Reyburn na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusu hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali na kupimwa damu upya, ni 46.1% tu waliokutwa na vimelea. Jina malaria lilikuwa limeandikwa katika mafaili ya wote.

Upande wa pili wa tatizo ni majina yasiyoandikwa. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba degedege, kwa uelewa wa jamii, haikuhusishwa na malaria, na tiba yake ilitafutwa zaidi kwa waganga wa jadi. Karani wa utafiti akimwuliza mama kama mwanawe aliugua malaria, na mama akajibu hapana, jibu hilo ni la kweli katika lugha ya mama na si la kweli katika jedwali la mtafiti. Mkoani Katavi, ambako Kiswahili cha mama huenda kimejengwa juu ya Kipimbwe, Kisukuma au Kirundi, pengo hilo halitarajiwi kuwa dogo.

6.0 Mapendekezo kwa Ufundishaji

Kwanza, tunapendekeza neno ushahidi lisiondolewe, kwani limekwisha kukita mizizi katika nyaraka za afya. Linalotakiwa ni kulifundisha kwa ngazi. Ushuhuda uwe ni kauli ya aliyeona. Ushahidi uwe ni taarifa yoyote iliyokusanywa kwa utaratibu. Uthibitisho uhifadhiwe kwa ushahidi uliopimwa kwa ulinganisho na kurudiwa. Mwanafunzi akizoea kuuliza, "Huu ni ushuhuda au ni uthibitisho?" atakuwa amekwisha kuingia katika mkabala wenyewe.

Pili, masomo yaanzie kwenye mifano ya karibu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na wanawake 210,132, unafaa kwa kazi hii. Mahali pa kukadiria kwa macho damu inayotoka baada ya kujifungua, wakunga walitumia mfuko wenye alama za vipimo, na wakatoa tiba zote za awali kwa pamoja pasipo kusubiri moja ishindwe. Madhara makubwa yaliyopimwa, yaani kutoka damu nyingi kupita kiasi, upasuaji kwa ajili ya damu au kifo kitokanacho nayo, yalikuwa 1.6% kwa hospitali zilizotumia utaratibu huo, na 4.3% kwa zile zilizoendelea na huduma ya kawaida. Kwa mkoa ambao, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2015-16, 45% ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, ikilinganishwa na 27% kwa taifa, somo hili halihitaji kutetewa.

Tatu, idara za Kiswahili zishirikiane na vyuo vya afya katika kuandaa fomu za ridhaa na hojaji. Tafsiri ya fomu hizo isihesabiwe kuwa kazi ya ukarani inayofanywa mwishoni. Hojaji yenye neno lisilofaa ni sawa na mizani mbovu: hutoa namba, na namba hizo huaminiwa.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mustakabali wa tiba inayozingatia ushahidi hautategemea maabara na takwimu peke yake. Figa la tatu, yaani matakwa ya mgonjwa, haliwezi kupatikana ila kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo mkoani Katavi hufanywa kwa Kiswahili. Kuwafundisha wahudumu wa afya kutenganisha waliyoyaona na yaliyothibitika, kwa maneno ambayo wao wenyewe wanaweza kumweleza mgonjwa, ni kazi ya kitabibu. Ni kazi ya wanaisimu pia, na wanaisimu bado hawajaianza ipasavyo.