Fremu Ipate Rangi, Kioo Kibaki Kioo

Ukitaka kumjua mpaka rangi mzuri, usiangalie ukuta. Nenda dirishani, inama, utazame pembe ya chini ambapo kioo kinakutana na fremu. Hapo ndipo maji ya mvua husimama baada ya kuteremka juu ya kioo, na hapo ndipo kutu ya dirisha la chuma na uozo wa dirisha la mbao huanzia. Ukikuta matone ya rangi yametapakaa kioo kizima, fundi hakujali. Ukikuta kioo kinang'aa lakini puti inayoshikilia kioo kwenye fremu iko wazi, fundi alikijali kioo akaisahau fremu.

Kazi njema ni kioo safi chenye mstari mwembamba wa rangi pembeni, upana wa milimita mbili hivi, unaotoka kwenye puti na kukanyaga kioo. Mstari huo huziba ufa ambao maji yangepita. Kwa hiyo kukinga kioo hakumaanishi kukifunika chote. Zile milimita mbili za mwisho ni mali ya fremu.

Dirisha lako ni la aina gani?

Kama ni la luva, kazi ni nyepesi: chomoa vioo. Kunjua taratibu vibati vinavyoshika ncha za kila kioo, kivute, na uvipange vyote mahali ambapo watoto hawafiki. Vaa glavu, kwa maana kingo za vioo vya zamani hukata kama kisu.

Madirisha ya chuma au mbao yenye puti, pamoja na milango yenye vioo, hayana njia hiyo ya mkato. Kioo hubaki mahali pake, na hayo ndiyo tutakayoyashughulikia zaidi hapa.

Dirisha la alumini kwa kawaida halipakwi rangi, ila linaumia wakati ukuta unapopigwa plasta au kupakwa chokaa. Maji ya saruji na ya chokaa yana ukali unaokula alumini na kuacha madoa ya kudumu kwenye kioo. Lifunike lote kwa nailoni kabla kazi ya ukuta haijaanza, na tone likiponyoka lioshe papo hapo kwa maji mengi.

Kabla ya kufungua kopo

Toa wavu wa mbu, vishikio na komeo zinazofunguka. Kwangua rangi iliyobanduka na kutu, kisha piga msasa. Angalizo ni kwamba msasa hukwaruza kioo, na mkwaruzo hautoki. Simamisha kisu kipana cha puti au kipande cha bati kati ya msasa na kioo unapofika pembeni. Kama nyumba ni ya zamani, rangi ya chini huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Usiipige msasa ikiwa kavu: ilowanishe, vaa barakoa, na ukusanye uchafu wote badala ya kuufagia nje.

Puti iliyopasuka ing'olewe na kuwekwa mpya. Puti ya mafuta inahitaji wiki moja hadi mbili ili ijifanyie ngozi juu. Ukiipaka rangi ingali laini, rangi itajikunja. Lakini usiiache miezi, kwa sababu bila rangi hukauka na kupasuka. Mwisho, futa vumbi na uoshe kioo. Tepu haishiki kwenye kioo chenye vumbi wala chenye unyevu.

Njia nne za kukinga kioo

*Tepu ya karatasi.* Ni ile ya rangi ya krimu. Ilibuniwa mwaka 1925 na Richard Drew wa kampuni ya 3M ya Marekani, baada ya kuwaona wapaka rangi wa magari wakihangaika kupata mstari ulionyooka kati ya rangi mbili. Ibandike ikiacha zile milimita mbili za kioo kati yake na puti, kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani ili rangi isipenye chini. Ukitumia mashine ya kupulizia, tepu peke yake haitoshi. Gundisha gazeti kwenye tepu hadi kioo chote kifunikwe.

*Gazeti na maji.* Kata vipande vyenye ukingo ulionyooka, vichovye kwenye maji, uvibandike. Hugharimu karibu bure na hufaa kwa rangi ya mafuta. Kasoro yake ni kwamba jua likiwaka hukauka na kuanguka, kwa hiyo maliza dirisha moja ndipo ubandike la pili.

*Sabuni ya mche au mafuta ya mgando.* Sugua kipande cha sabuni kilicholowa kidogo pembeni mwa kioo, au paka mafuta membamba kwa kijiti chenye pamba. Rangi itakayodondokea hapo itatoka kwa kitambaa. Sabuni itumie kwa rangi ya mafuta tu, maana rangi ya maji huiyeyusha. Mafuta nayo yasiguse mbao, chuma wala puti, la sivyo rangi haitashika na itabanduka kama gamba.

*Mkono wenyewe.* Fundi mzoefu hana haja ya kukinga: anatumia brashi ya inchi moja iliyokatwa mshazari, anachovya ncha tu, na kuivuta polepole kwa pumzi moja. Kama mkono wako bado unatetemeka, shikilia kadi ngumu au kipande cha bati kando ya fremu, na ukifute kila unapokihamisha.

Wakati wa kupaka

Anza asubuhi, ili jioni dirisha liweze kufungwa, na fanyia kazi upande wenye kivuli. Jua kali hukausha rangi kabla haijatandazika, na huoka gundi ya tepu hadi ing'ang'anie kioo. Anza na vijiti vinavyogawa vioo, fuata mbao za juu na chini, kisha za pembeni, na umalizie na fremu ya ukutani. Usipake bawaba. Liache dirisha wazi, na kila baada ya muda lisogeze kidogo lisije likagandana na fremu.

Kutoa tepu na kuondoa matone

Tepu itolewe rangi ikiwa bado inanata. Ikunje irudi nyuma na uivute taratibu kwa mshazari. Rangi ikiwa imeshakauka, pitisha wembe kwanza ukingoni mwa tepu, la sivyo itabanduka nayo.

Tone bichi la rangi ya maji hutoka kwa kitambaa chenye maji na sabuni. La rangi ya mafuta linahitaji tapentaini kidogo kwenye kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti. Usimimine, kwa sababu itatiririka hadi kwenye puti na kuyeyusha rangi uliyopaka. Fanya hivyo mbali na jiko na sigara.

Tone kavu halihitaji nguvu. Lowanisha kioo kwa maji ya sabuni, chukua wembe mpya uliofungwa kwenye kishikio, ulaze karibu na kioo, na usukume kuelekea upande mmoja tu. Kwanza chora mpaka milimita mbili kutoka kwenye puti, na wembe usiuvuke. Usitumie wembe kwenye kioo chenye karatasi ya tinti, wala kwenye kioo kilichopashwa moto ili kiwe kigumu, ambacho mara nyingi huwa na mhuri pembeni. Vioo vya aina hizo vinaweza kukwaruzika.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita, irudie ile pembe ya chini na upitishe kidole. Ukikuta mstari umeachana na kioo, ngoja pakauke vizuri, kisha ugusie kwa brashi ndogo. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo itakayokuepusha na gharama ya kubadilisha fremu nzima.