Picha za Mitaani na Haki ya Faragha katika Nyanda za Ufipa

Upigaji picha wa mitaani, yaani kuwapiga picha watu wakiwa katika shughuli zao bila kuwapanga, unapata nguvu katika Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, inayolinda uhuru wa kutafuta na kutoa habari, lakini Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi na maisha yake binafsi, wala haisemi kwamba hifadhi hiyo huishia mlangoni mwa nyumba yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu. Picha ya mama anayepima maharage kwa sado sokoni Sumbawanga, sura yake ikionekana wazi, ni taarifa ya namna hiyo, ilhali wakulima wanaoswaga maksai kwa mbali, wasiotambulika, hawamo. Picha inayobaki kwenye simu ya mpigaji haina uzito sawa na ile inayorushwa mtandaoni au kubandikwa kwenye tangazo. Hapo ndipo inapodaiwa ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa picha itatumikaje, na aliyetabasamu mbele ya kamera hajakubali kwa tabasamu hilo kuuza mbolea ya mtu.

Taarifa za watoto sheria inazihesabu kuwa nyeti. Mkoani Rukwa, ziliko Nyanda za Ufipa na ambako Machi 2015 mtoto wa miaka sita mwenye ualbino alikatwa mkono, picha ya mtu mwenye ualbino ikionyesha pia kibao cha shule, jina la kijiji au njia aipitayo kila siku inaweza kumwelekeza mhalifu, hata kama aliyeipiga alikusudia kumtetea. Kuficha sura pekee hakutoshi ikiwa mandhari ya nyuma yanataja mahali.

Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za nchi hiyo kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa Tanzania, malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mlalamikaji anashauriwa kuhifadhi nakala ya picha, jina la akaunti na tarehe kabla ya kumtaka mhusika aiondoe, kwa kuwa ikishafutwa ushahidi nao hupotea.