Mdogo Wangu, Usimnunie Mhakiki

Wadogo zangu, hasa nyie mliorudi kutoka kisiwa cha Goziba na madodoso yaliyolowa maji ya ziwa, naona mwaka unakwisha na roho ziko juu. Makala mliituma tangu Januari, senene wameshaingia, na jarida limekaa kimya. Wengine mmejibiwa, na jibu lenyewe limewaliza. Njooni tukae tuongee, waitu. Hakuna aliyewaroga, wala hakuna mhariri aliyeapa kuwakomoa.

Makala ikifika, mhariri anaangalia kwanza kama inalihusu jarida lake. Ukipeleka habari za sangara kwenye jarida la lugha utarudishiwa upesi, na hapo usimlaumu mtu. Ikipita, anatafuta wasomaji wawili, yaani wahakiki, wanaoijua kazi hiyo, na hapo ndipo miezi inapoliwa. Wasomaji hao kwa kawaida hawalipwi hata senti. Ni walimu wa vyuo, wana mitihani ya kusahihisha, wana misiba na harusi kama sisi. Mmoja anakataa, wa pili anakubali halafu anapotea, inabidi atafutwe wa tatu. Mwaka kwisha kwa mtindo huo ni jambo la kawaida kabisa, wala usijione kazi yako ni mbovu.

Sasa ile barua yenye kurasa nne za maoni. Najua inavyouma. Unaisoma kwenye simu, umesimama kwenye foleni ya benki, na tayari unamtungia mhariri majibu ya shombo. Irudishe simu mfukoni, mdogo wangu. Hasira hasara. Mwaka 1936 Albert Einstein, na ukubwa wake wote, alikasirika kwa sababu jarida la Physical Review la Marekani lilimpa mtaalamu mwingine asome makala yake ya mawimbi ya mvutano. Akaiondoa, akaipeleka kwingine. Kumbe yule msomaji alikuwa ameona kosa la kweli, na kabla makala haijatoka mwaka 1937 ilibidi hitimisho ligeuzwe. Jicho la pili lilimwokoa, ingawa mwenyewe alikuwa amelinunia.

Na huku kwetu jicho hilo linahitajika vilevile. Tuseme umekaa Goziba wiki moja, ukahoji wavuvi wa dagaa, ukaandika kwamba muda mwingi wanashinda mwaloni wakicheza bao. Mhakiki anauliza swali moja tu: wiki hiyo mwezi ulikuwa mchanga au mpevu? Unamwona mchokozi. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kupumzika. Wewe umekuta mapumziko, ukayaita uvivu. Ukilijibu swali hilo kwa unyoofu, ukataja tarehe zako na kupunguza ukali wa hitimisho, makala inapona, na wale waliokupa muda wao hawatasomwa huko nje kama wazembe. Ukilinunia, aibu inawapata wao kabla haijakufikia wewe.

Kwa hiyo nakili kila hoja, ijibu chini yake, onyesha ukurasa uliorekebisha. Usipokubaliana, sema kwa heshima na utoe ushahidi. Mhakiki si Mungu, hukosea, na wapo wenye roho mbaya, siwafichi. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walipoandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba wayeyushaji chuma wa Kihaya wa kale walijua kuipasha hewa moto kabla haijafika ndani ya tanuri, kuna wataalamu waliowapinga kwa miaka mingi, na ubishi ukaenda kwa maandishi, si kwa kununiana. Makala kutoka haimaanishi maswali yamekwisha.

Ninachokiogopa zaidi ni kile kinachoingia moyoni ukishachoka kungoja. Barua pepe inakuita profesa mashuhuri na hata shahada ya uzamili hujamaliza, inaahidi kukuchapisha ndani ya wiki, lete ada kwa dola. Kimbia! Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo yenye makosa ya wazi, akaibandika majina ya watafiti wasiokuwepo, mmoja wao eti wa taasisi ya tiba Asmara, akaituma kwenye majarida 304 ya mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Hao ndio wanaokutumia sifa usiku wa manane. Ukishawalipa, kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuitupa makala hiyo, na jarida la maana halitaipokea kwa kuwa imeshachapishwa. Pesa imekwenda, na data za Goziba zimekwenda nayo. Kabla ya kulipa chochote mwone mkutubi wa chuo, umwonyeshe hilo jarida.

Na wewe uliyeipeleka makala moja kwenye majarida mawili ili uone lipi litawahi, nimekusikia. Usicheke. Liandikie moja leo, kwa adabu, uiondoe, kabla msomaji mmoja hajaipokea kutoka pande zote mbili. Watu wa fani moja Afrika Mashariki hawafichani.

Aliyeniuliza kama ni utovu wa adabu kumkumbusha mhariri: si utovu. Miezi mitatu minne ikipita bila neno, mwandikie jina la makala, namba uliyopewa, tarehe uliyoituma, na uulize imefikia wapi. Inatosha. Usimweleze kwamba mkataba wako unaisha Juni, na usimpigie simu Jumapili. Huku unangoja, fungua lile daftari lenye maelezo ya kina mama wanaoanika dagaa, uanze kuandika makala ya pili.